Monastir ya Tunisia, Monastir ya Atatürk, Münster ya Ujerumani: miji yote hii kweli imezaliwa na monasteri?

#1 Kipa wa Akiba
Wakuu, heshima kwenu.

Tangu Yanga tucheze na US Monastir kwenye Shirikisho mwaka 2023 (kwao tukala 2-0, kwa Mkapa nao wakala 2-0) hilo jina halijanitoka kichwani. Juzi nasoma habari za Atatürk, nakuta alisoma shule ya kijeshi Monastir mwishoni mwa miaka ya 1890. Nikajua ni kulekule Tunisia, si Waosmani walikuwa wanaitawala? Kumbe ni mji mwingine kabisa, uko Balkani, leo unaitwa Bitola, nchi ya Makedonia Kaskazini. Nikaendelea kuchimba: kuna Monastir nyingine kisiwani Sardinia. Kuna Münster Ujerumani, Munster Ufaransa, na Minster mbili katika jimbo moja la Kent huko Uingereza.

Dai langu: hilo ni neno moja tu, monasteri. Watawa wanajenga, watu wanahamia jirani, soko linaanza, mji unabeba jina. Maswali yangu mawili. Kwanza, mbona wamekosa ubunifu kiasi hicho? Pili, hiyo ya Tunisia imeingiaje, maana pale ni misikiti mitupu?

#2 Lunyasi wa Kweli
Yaani mmefungwa mpaka mkaamua kusoma historia ya waliowafunga. Natia kambi hapa.

#3 Kipa wa Akiba
Lunyasi, sisi mwaka ule tulifika fainali. Wewe ulikuwa wapi?

#4 Lunyasi wa Kweli
Fainali ya bao la ugenini? Endelea na monasteri zako ndugu yangu.

#5 Binti Shangani
Salaam. Tukirudi kwenye mada, pwani ile ilikuwa na maaskofu karne nyingi kabla ya Uislamu. Mtakatifu Augustino alisoma Carthage, si mbali na hapo. Na mji wenyewe zamani haukuitwa Monastir, uliitwa Ruspina. Julius Caesar alipiga kambi hapo mwaka 46 KK akipigana na wafuasi wa Pompey.

Jina la Monastir lina hadithi mbili na kila moja ina watu wake. Wapo wanaosema palikuwa na monasteri ya Kikristo, Waarabu wakakuta jina wakaendelea nalo. Wengine wanasema jina linatokana na ribat yenyewe, ile ngome mnayoiona kwenye picha zote za mji. Aliijenga Harthama bin A'yan, gavana wa Bani Abbas, mwaka 796. Ribat si kambi ya kawaida. Ina vyumba vidogovidogo kuzunguka ua, msikiti na mnara. Wakaaji wake walikuwa walinzi na wacha Mungu kwa wakati mmoja: wanapanda mnarani kuangalia kama meli za Warumi wa Mashariki zinakuja, wakishuka ni sala na Kurani. Mkristo aliyezoea kuona wamonaki akipita hapo angeiita nini?

Mimi naegemea ya pili, ila kwa shingo upande.

#6 Kasuku Mweusi
Kwa hiyo Rabat ya Moroko nayo ni hiyohiyo ribat?

#7 Binti Shangani
Ndiyo, Ribat al-Fath. Ukiwa na Rabat huku na Monastir kule, una miji miwili iliyopewa jina kwa jengo la aina moja, mmoja kwa Kiarabu na mwingine kwa neno la Kigiriki lililovaa kanzu.

#8 Mbongo Westfalia
Wakuu, mimi nipo jirani kabisa na Münster na kazi yangu ni kupanga na kusambaza vifurushi, kwa hiyo hili jina nalila mshahara.

Münster ya huku iliitwa Mimigernaford. Mwaka 793 akaja mmisionari Liudger, akajenga monasteri, na mwaka 805 akawa askofu. Jina la zamani likafa taratibu, likabaki la jengo. Kwa hiyo hapa mleta mada yuko sahihi, hakuna ubishi.

Kasheshe ni kwamba kuna Munster nyingine, haina vile vidoti viwili juu ya u, iko kaskazini karibu na nyika ya Lüneburg, mji wa wanajeshi na makumbusho ya vifaru. Mtumaji wa Kijerumani anaandika vidoti. Mtumaji wa nje haandiki, au mashine yake inavila. Ghalani kifurushi kinakuja kimeandikwa "Munster" tu, kila mtu anageuza macho kwenye namba ya posta: ikianza na 48 ni yetu, ikiwa 29633 ni ya kwenye vifaru. Namba ikifutika kwa mvua, kinawekwa pembeni kwenye kreti la njano na msimamizi ndiye anaamua. Nimeshaona sanduku la dawa za mifugo likikaa humo wiki nzima. Na Ufaransa ipo ya tatu, bonde la Munster kule Alsace, watawa walikuwepo tangu karne ya 7, ndiko inakotoka ile jibini ya Munster. Ile ukiifungua ndani ya nyumba, majirani wanajua.

Kuhusu ubunifu: fikirieni mtu wa kijijini karne ya 9. Eneo zima lina monasteri moja. Ukisema "naenda monasteri" unaeleweka. Nani angehangaika kuongeza jina? Shida inakuja baadaye, watu wanapoanza kusafiri na kuandikiana barua.

#9 Lunyasi wa Kweli
Umesahau München. Bayern ndio wakubwa wa huko.

#10 Mbongo Westfalia
Sijasahau, naogopa kufungua mlango huo. Haya. München haitokani na jengo, inatokana na watu: "kwa wamonaki". Imetajwa mara ya kwanza mwaka 1158 kwenye hukumu ya Kaisari Frederick Barbarossa. Askofu Otto wa Freising alikuwa na daraja lake la kutoza ushuru wa chumvi huko Föhring. Mtawala wa Bavaria akalivunja, akajenga lake pale kwa wamonaki ili ushuru uingie kwake. Kaisari akaamua soko libaki München na askofu apewe sehemu ya mapato.

Na huyo mtawala aliyevunja daraja la mwenzake anaitwa Heinrich, lakabu yake Simba. Siongezi neno.

#11 Lunyasi wa Kweli
Rudia hapo kwenye lakabu 😂😂 Mji wa Bayern umeanzishwa na SIMBA. Mod, bandika uzi huu juu.

#12 Kipa wa Akiba
Ameanzisha kwa kuiba ushuru wa mwenzake. Endelea kushangilia.

#13 Mchimba Asili
Ngoja niwamwagie maji. Hiyo ya "kwa wamonaki" inarudiwa kila mahali kwa sababu ni tamu. Yupo mwanaisimu huko huko Ujerumani, Theo Vennemann, aliyepinga. Kwake yeye jina ni la kale kuliko wamonaki, linatokana na lugha iliyokuwepo kabla, ya ukoo wa Kibaski, na linahusu ukingo wa mto ulioinuka. Mji uko juu ya ukingo wa Isar, kwa hiyo kwa macho inakubali. Wengi hawajamfuata, najua. Ila wataalamu wanaosema ni wamonaki nao hawakubaliani ni wamonaki gani: wa Tegernsee au wa Schäftlarn? Jina liko wazi halafu wenye jina hawajulikani. Mimi hapo huwa nakuna kichwa.

#14 Kaka Essex
Habari za humu. Uingereza ndiyo imezidi. Kwao neno limekuwa "minster" na wamelibandika kila kona: Westminster, Axminster, Kidderminster, Leominster, Warminster, Ilminster, Sturminster, Southminster. Mimi nakaa njia ya Upminster, mwisho wa reli ya District. Angalieni dawa yao kwa tatizo la Mbongo hapo #8: wanatanguliza mto, mtu au mwelekeo. Axminster ni minster ya mto Axe. Westminster ni ile ya magharibi ya jiji, watawa wa Mtakatifu Benedikto walikuwa pale, na Edward Muungama akajenga kanisa jipya lililowekwa wakfu Desemba 28, 1065, siku chache kabla hajafa. Leo ukisema Westminster watu wanasikia bunge, hakuna anayesikia watawa.

Tahadhari kwa wageni: Leominster inatamkwa "Lemsta". Ukiitamka kama ilivyoandikwa konda anakuangalia kwa huruma.

#15 Kasuku Mweusi
Axminster na Kidderminster si ndiyo mazulia? Mzee wangu alikuwa na zulia anasema ni Axminster, hatukuruhusiwa kukanyaga na viatu. Kwani watawa walikuwa wanafuma mazulia?

#16 Kaka Essex
Hapana, imegongana tu. Zulia la Axminster lilianza 1755 na mfumaji anaitwa Thomas Whitty. Watawa walishaondolewa Uingereza nzima miaka mia mbili kabla, enzi za Henry wa Nane. Ila zulia la mzee lihifadhiwe.

#17 Gachagua Mdogo wa Nakuru
Na Munster ya Ireland, ile ya raga! Hiyo pia ni monasteri, Ireland ilijaa wamonaki.

#18 Mchimba Asili
Siyo. Munster ya Ireland ni ya mkoa, jina la kale ni Mumu, kwa Kiayalandi cha leo ni An Mhumhain. Huo mkia wa mwisho ni nyongeza iliyokuja baadaye, hata Ulster na Leinster wanao. Ukitaka monasteri Ireland tafuta "Mainistir". Midleton kwao ni Mainistir na Corann, Fermoy ni Mainistir Fhear Maí. Waingereza walipoandika ramani wakayaficha.

#19 Gachagua Mdogo wa Nakuru
Asante kwa kunivua nguo hadharani, mzee.

#20 Mgeni wa Habesha
Wadau mnazunguka Ulaya na jambo liko hapo jirani. Nilikaa Addis kwa masomo. Nenda stendi asubuhi usikilize wapiga debe wa minibasi: "Debre Birhan, Debre Birhan!" Kuna Debre Birhan, Debre Markos, Debre Tabor, Debre Libanos, na Debre Zeit ambayo siku hizi imerudishiwa jina lake la Kioromo, Bishoftu. Debre ni monasteri. Wahabeshi wamewapita Waingereza kwa mbali.

Debre Birhan, "Debre ya nuru", niliipenda hadithi yake. Mfalme Zara Yaqob, karne ya 15, aliona mwanga angani akiwa kambini, akasema ni ishara ya Mungu, akajenga kanisa na kuhamia hapo. Wapo wanahistoria wanaoona mwanga wenyewe ni ile nyota yenye mkia ya Halley, ilipita 1456. Leo mji unajulikana kwa mablanketi, na ukifika usiku utajua kwa nini. Baridi yake si ya kitoto.

#21 Mwanafunzi wa Kigeez
Mgeni, nusu sawa. Debr kwa Kigeez ni mlima kwanza. Debre Zeit ni Mlima wa Mizeituni, na Debre Tabor ni Mlima Tabori, yote majina ya Biblia. Watawa wa Ethiopia walipenda kukaa juu milimani, neno likahama kutoka mlima kwenda kwa monasteri, halafu kwa kanisa kubwa lolote. Debre Markos zamani uliitwa Monkorer, ukapewa jina la kanisa la Marko Mtakatifu. Kwa hiyo kwenye orodha yako kuna debre za mlima, za monasteri na za kanisa, zote zimevaa kofia moja.

#22 Mgeni wa Habesha
Nakubali kidogo, ila nenda Debre Damo kule Tigray uniambie kama unaweza kutenganisha. Ni mlima bapa juu, umekatika pande zote kama ukuta. Hakuna ngazi. Wanashusha kamba ya ngozi, unaifunga kiunoni, unashika nyingine kwa mikono na kupanda huku mmonaki akivuta kutoka juu. Wanaume tu, hata mbuzi jike haruhusiwi. Wao wanasema Abuna Aregawi, karne ya 6, alipandishwa na nyoka. Hapo mlima ndiyo monasteri na monasteri ndiyo mlima.

#23 Lunyasi wa Kweli
Mimi na kitambi hiki nabaki chini nalinda viatu.

#24 Mama Kivu
Jambo ndugu zangu. Mimi ni wa Bukavu lakini ninakaa Montreuil, mwisho wa metro namba 9, pembeni ya Paris. Majirani ni Wamali wengi sana, siku ya soko ni Bamako kabisa. Nilidhani jina ni la mlima, kwa sababu ya hiyo "mont". Mwalimu wa mtoto ndiye alituambia ni Kilatini "monasteriolum", monasteri kadogo. Na Ufaransa iko na Montreuil chungu nzima. Moja inaitwa Montreuil-sur-Mer, yaani ya baharini, na bahari yenyewe haiko! Mto ulijaza mchanga, maji yakarudi nyuma, jina likabaki.

#25 Kaka Essex
Mama Kivu, hiyo ya bahari imeniua. Wakatalunya wana Monistrol, chini ya mlima wa Montserrat. Nayo ni monasteri ndogo, ndugu wa damu wa Montreuil yako.

#26 Mzee wa Ruvuma
Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo.

Nimewasoma kimya kimya. Mimi nimekulia kivuli cha abasia, nimesomeshwa na kutibiwa hapo. Swali langu: mbona kwetu mambo yamekwenda kinyume? Wabenediktini waliingia Pugu 1888, mwaka uliofuata wakachomewa kwenye vita vya Bushiri. Peramiho wakafika 1898, Ndanda 1906. Wakajenga kila kitu: kanisa, hospitali, karakana, kiwanda cha uchapaji, mabwawa ya umeme. Mji umekua kuzunguka ukuta wao sawasawa na huko Westfalia. Lakini hakuna mji unaoitwa Monasteri. Wao ndio wamechukua jina la wenyeji: Abasia ya Peramiho, Abasia ya Ndanda.

Na ajabu nyingine. Watawa hao walitoka Mtakatifu Ottilia, Bavaria. Mahali hapo palikuwa panaitwa Emming. Monasteri ilipowekwa 1887, Emming ikamezwa, leo ni Sankt Ottilien kila mahali, hata kituo cha treni. Kwao walifuta jina, kwetu walishindwa.

#27 Mchimba Asili
Mzee, hii ndiyo posti ya uzi. Nadhani ni suala la karatasi. Peramiho 1898 tayari kuna serikali ya kikoloni, kuna ramani, kuna akida, jina limeshaandikwa. Mimigernaford 793 hakuna aliyekuwa anaandika zaidi ya watawa wenyewe. Mwenye kalamu ndiye aliyeamua.

#28 Mzee wa Ruvuma
Inawezekana. Lakini Emming nayo ilikuwa kwenye ramani, na Wajerumani wa 1887 walikuwa na kalamu nyingi kuliko sisi. Mimi naona wenyeji ndio walikuwa wengi, na watawa walilazimika kujifunza Kingoni ili wanunue hata kuku.

#29 Kasuku Mweusi
Si kweli kwamba hatuna, Mzee. Kila mkoa una kituo cha daladala "Misheni" au "Kwa Masista". Subiri miaka mia tatu, hizo ndizo Münster zetu.

#30 Patel wa Upanga
Hamjambo. Ubenediktini siujui, ila wa Buddha nao wana monasteri. Jimbo la Bihar, India, jina ni "vihara", makao ya watawa wa Kibuddha. Lilianza kwa mji wa Bihar Sharif, ambao uko jirani na magofu ya Nalanda, kisha likasambaa jimbo zima. Watu zaidi ya milioni mia moja wanaishi ndani ya jina la nyumba ya watawa. Kuna wanaosema hata Bukhara ya Uzbekistani ni vihara hiyohiyo, ila hapo wataalamu hawajapatana.

#31 Binti Shangani
Patel umenikumbusha. Kwa Waarabu ni "deir". Deir al-Balah pale Gaza ni deir ya mitende, jina lina kumbukumbu ya Mtakatifu Hilarion wa karne ya 4. Syria kuna Deir ez-Zor, ila hiyo "Zor" kila mzee ana maelezo yake.

#32 Kipa wa Akiba
Ahsanteni, sikutegemea uzi ungefika India. Nabakiwa na Bitola. Waosmani waliita Manastır, wenyeji Bitola. Ni majina mawili tofauti au?

#33 Mwanafunzi wa Kigeez
Kwa maelezo yanayokubalika zaidi, ni jina lilelile mara mbili. Bitola inatoka kwenye neno la Kislavoni "obitel", makao ya watawa. Kwa hiyo kila aliyeutawala mji aliutafsiri tu. Baada ya vita vya Balkani 1912 Waosmani wakaondoka na Manastır yao, likabaki la Kislavoni.

#34 Mbongo Westfalia
Kabla sijaingia zamu, moja kwa wapenzi wa mpira. Mönchengladbach ni Gladbach ya wamonaki, abasia yake ni ya mwaka 974. Waliongeza "wamonaki" ili wasichanganywe na Bergisch Gladbach. Zamani iliandikwa München-Gladbach, na watu wakawa wanaichanganya na München! Mwaka 1960 ndipo wakaweka rasmi tahajia ya sasa. Mchimba, hilo si linaonyesha kwamba München ni wamonaki, maana neno ni hilohilo?

#35 Mchimba Asili
Linaonyesha watu walilisikia hivyo. Hata mmonaki wa kwenye nembo ya München, muhuri wa zamani unaojulikana ni wa 1239, zaidi ya miaka 80 baada ya jina kuandikwa. Mtu akishasikia "wamonaki" lazima achore mmonaki. Nipe hati inayotaja wamonaki wenyewe pale ukingoni kabla ya 1158, nami nitamwacha Vennemann peke yake.

#36 Lunyasi wa Kweli
Hati ya nini, Simba alikuwepo, muulizeni yeye.